Zamzam Ashona Godoro Mbele ya Waliomlilia

Asubuhi, uchochoroni nyuma ya soko la Kariakoo, Zamzam Safari anachovya mikono kwenye karai la maji ya moto. Bila maji hayo vidole vyake havikunjuki. Vikishalegea, anaibana shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, na kuisukuma kwa kipande cha ngozi alichojifunga kiganjani.

"Ukitaka kunihurumia, ngoja nimalize mshono," anasema bila kuinua macho.

Miaka miwili iliyopita, ghala la sufi ya kujazia magodoro alikokuwa akifanya kazi liliwaka moto. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulifungwa kwa nje sufi isiibwe. Wenzake watatu hawakutoka. Yeye alitolewa mikono imeungua, na kifua chake hakijapona mpaka leo.

Mwaka jana walikuja watu wa filamu kuonyesha mateso yanayowaandama manusura. Walimkuta maji yake bado yako jikoni, hayajapata moto. Wakampiga picha akihangaika na uzi, shazia ikamdondoka, wakashukuru, wakaenda zao.

Filamu ikaonyeshwa Mnazi Mmoja, kwenye kitambaa kilichowambwa ubavuni mwa gari la sinema. Shazia ilipodondoka, kina mama wakalia kama wako matangani. Zamzam, aliyekuwa mkekani katikati yao, alimwona Mzee Mrisho, mwenyekiti wa ushirika wa washona magodoro, akifuta machozi. Kesho yake kamati ilikuwa ikae kuamua kama abaki mwanachama au awekwe kando na wasiojiweza.

Huruma nayo ina meno. "Nikajua machozi yale ndiyo yatanifukuza kazi," anasema.

Lakini penye kilio mtani haombi ruhusa. Pius, hamali wa sokoni na mtani wake wa siku nyingi, akasimama.

"Mnamlilia huyo? Godoro alilonishonea lina mabonde kama barabara ya Kilwa. Ulilieni kwanza mgongo wangu."

Watu wakaangua kicheko, machozi hayajakauka. Zamzam naye akainuka.

"Lilete hapa, mvivu wewe. Mgongo wako haujazoea kulala kitandani."

Pius anakaa jirani. Akaenda, akarudi nalo kichwani. Dereva wa gari la sinema akawasha taa. Zamzam akaomba maji ya moto kwa muuza kahawa, akachovya mikono, akafumua upande mmoja na kuanza kuushona upya. Kikohozi kilimkatiza zaidi ya mara moja. Hakuna aliyecheka, wala aliyelia.

Alipokata uzi kwa meno, Mzee Mrisho akaja kuuvuta ule mshono kwa nguvu zake zote. Haukuachia.

"Ndugu zangu," akasema, "kikao cha kesho cha Bi Zamzam hakipo tena."

Mnazi Mmoja nzima ikapiga vigelegele.

Je, filamu ilidanganya? Zamzam anatikisa kichwa. "Haikudanganya. Naumwa kweli, na wenzangu wamekufa kweli. Ila hawakungoja maji yachemke."

Wiki iliyopita alisimama kwenye mkutano wa ushirika, mwanachama kamili, akaomba jambo moja. Leo, nyuma yake, fundi Augustino anabomoa ukuta wa ghala jipya la ushirika kupachika mlango wa pili. Vumbi linamkohoza Zamzam, lakini hataki kuhama. Anasema siku mlango huo utakapokamilika atawaita tena wale wa filamu, na yeye ndiye atakayetangulia kuupita.

Augustino anauliza anunue kufuli ya aina gani.

"Weka bawaba tu," anamjibu. "Kufuli usinunue."