Sehemu ya Pili ya Sinema ya Punda

Mwaka ule wa ukame nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Binti yangu alikuwa ameenda Nairobi kufanya kazi za nyumba, akaniachia mtoto wa miaka minne. Wakati huo mtoto alikuwa na saba na mama yake hajaonekana bado. Yeye ana jina langu, kwa hivyo namwita mwenzangu.

Kanisani walituonyesha katuni kwa televisheni ya jenereta. Mama punda alimwacha mtoto kwa shangazi, akafuata wabeba chumvi, na sinema ikaishia hapo. Toka siku hiyo, tukichota maji, tukipura ndengu, ni swali moja tu kwangu, nyanya yake.

“Cucu, yule mama alirudi?”

“Atarudi. Punda hapotei njia.”

“Lakini wewe hukuona.”

Basi nikasikia sehemu ya pili imefika Gachoka, tukaenda kwa miguu, mgongo ukiniuma. Watoto wakubwa walinung'unika kwamba hii haina vita. Mimi niliipenda kuliko ya kwanza. Kiingereza sikijui, na sikukihitaji. Majina ya wale punda wote ninayo mpaka leo, kama ya mbuzi niliowauza.

Mama punda alirudi mapema, sinema ikiwa bado mbichi. Mtoto akajificha nyuma ya shangazi. Mama hakumfuata. Alisimama mbali akila majani, kesho yake akasogea kidogo, na sinema haikuwa na haraka. Shangazi naye, masikio yamelala, hakuna aliyemcheka. Aliyemchora alijua kuchoka.



Desemba binti yangu akaja na mkate. Mtoto akaingia nyuma ya leso yangu.

“Njoo, mimi ni mama yako,” akasema, akinyoosha mkono amvute.

“Mwache. Keti hapo tuchambue ndengu.”

“Mama, umemfundisha kunikataa?”

Nikamsogezea ndengu. Aliketi chini, akachambua, machozi yakimtoka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mwenzangu alitoka nyuma yangu, akachukua kigoda changu mwenyewe, akakiweka karibu na mama yake.

“Kalia hiki. Hapo kuna siafu.”

Binti yangu akakikalia. Mtoto akachuchumaa kando yake, akaanza kumwonyesha ndengu zilizotobolewa na wadudu.

Mimi niliingia ndani nikalala, jua likiwa bado juu.