Mtambo Namba Kumi na Saba

Sematena walimpa jina hilo kwa sababu mitambo ya kufuma ilimla masikio, na ukimsalimu anajibu, "Sema tena?" Hata hakasiriki. Tangu kiwanda kifungwe, miaka kumi na minne, amekuwa mlinzi wa lango lake. Malori ya pamba yanampita yakienda ng'ambo, na vitambaa vinarudi kutoka huko huko. Yeye anatazama tu. Moyo ulikufa ganzi zamani.

Ila kuna kitu alikiacha ndani. Siku ya kufunga, wenzake waling'oa nyuzi zote mitamboni mwao wakaenda zao. Yeye, kwenye namba kumi na saba, alikata kitambaa tu. Nyuzi elfu mbili na mia nne akaziacha palepale, kila moja kwenye tundu lake. Mfumaji yeyote anajua: ncha za zamani zikiwepo, unaunga uzi mpya kwenye wa zamani, kazi inaendelea. Zikitoka, kuzipitisha upya ni kazi ya wiki kwa watu wawili wenye macho mazima. Yake yamefifia, na wenzake, jamani, karibu wote wameshazikwa.

Basi serikali ikatangaza viwanda vinafufuliwa. Meneja mpya akamwinamia sikioni: "Mzee wangu, Alhamisi mgeni rasmi anakuja na mwekezaji. Mtambo mmoja ukifuma mbele yao, kiwanda kinafunguliwa, unarudi ufundi, na binti yako unamfundisha. Usipofuma, panakuwa ghala la mitumba."

"Utafuma," akasema Sematena. Usiku ule alilala usingizi wa mtoto.

Jumanne asubuhi akaingia na uzi mpya kwapani. Binti yake, aliyepata kibarua cha kusafisha ukumbi wa mitambo, akamkimbilia, uso unang'aa.

"Baba, mtambo wako nimeusafisha mwenyewe! Ulikuwa na manyuzi machafu hayo, nimeyakata yote. Gunia zima!"

Sematena akatazama matundu matupu. Akatafuta hasira ndani yake, akakuta pamefagiliwa. Na angemlaumu vipi? Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia.

"Umefanya vizuri, mama," akasema, akauweka uzi chini.

Alhamisi meneja, jasho linamtoka, akamwambia auwashe hivyo hivyo. Mtambo ukanguruma, ukapiga tap-tap-tap, hauna hata uzi mmoja. Mgeni rasmi akapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata, binti yake akiwashinda wote. Mwekezaji peke yake hakupiga. Aliinama, akatazama pale kitambaa kinapotakiwa kutokea, akainuka akaondoka.

Binti akaacha kupiga makofi. Akamsogelea baba yake mpaka sikioni.

"Baba, mbona kitambaa hakitoki? Ni zile nyuzi nilizokata?"

Alimsikia, kila neno.

"Sema tena?" akajibu Sematena, akazima mtambo.