Moyo wangu ulikuwa unanikimbia na vipimo vyote vinasema mzima: yaliyonikuta kuanzia Dongobesh hadi Gendabi

Wakuu, heri kwenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, huwa napita kimyakimya. Leo naandika kwa sababu nimeona nyuzi mbili tatu za watu wanaosema moyo unaruka, kichwa kinawaka moto, mikono inakufa ganzi, na hospitali wanaambiwa ni wazima.

Hiyo hali naijua. Nitaeleza ya kwangu kama yalivyokuwa, hata yale ya aibu.

Kioo cha simu kimepasuka, mkikuta herufi zimerukwa mnivumilie.

Mimi ni fundi pikipiki, nipo Dongobesh, wilaya ya Mbulu. Nina mke, watoto wawili, shamba la vitunguu swaumu na banda la kazi karibu na soko.

Pale bandani tulikuwa wawili, mimi na jamaa anaitwa Boay. Alinizidi umri kidogo, na ndiye aliyenifundisha kufungua injini.

Siku moja mchana tumemaliza kula, Boay akasema chai imemkaa vibaya kifuani. Akajisugua, akaegemea tairi. Nikamtania kwamba uzee umeanza. Nikageuka kuchukua spana, nikasikia kishindo nyuma yangu.

Hakuamka tena, wakuu. Tulipomfikisha hospitali wakasema ni moyo.

Nilichimba kaburi, nikabeba jeneza, sikutoa hata chozi. Watu wakasema fundi ana roho ngumu, na mimi nikaamini.

Wiki kadhaa baadaye niko kanisani, katibu anasoma matangazo ya ndoa. Nimekaa tu, sina wazo lolote baya. Ghafla kitu cha moto kikanipanda toka tumboni hadi kichwani. Moyo ukaanza kugonga mpaka nikaona shati linatikisika. Mkono wa kushoto ganzi. Pumzi haiingii.

Nikasema basi, ni zamu yangu.

Nikatoka nje nikigonga watu magoti. Wazee wawili wakanifuata, wakanilaza kwenye nyasi, mmoja akanimwagia maji usoni. Nikapelekwa hospitali kwa bodaboda, mimi katikati, mzee mmoja nyuma kanikumbatia kama mtoto.

Wakanipima presha, wakanibandika vile vidude vya ECG kifuani, wakachukua damu. Daktari akaangalia karatasi akasema, "Moyo wako hauna shida. Nenda kapumzike."

Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Mimi niliondoka nikiwaza kwamba mashine yao ni mbovu.

Toka hapo dalili hazikuniacha. Na sio kwamba zilikuja zote pamoja. Leo koo, nahisi kama punje ya hindi imekwama na haimezeki. Hiyo ikipungua, kichwa kinakuwa chepesi, natembea kama nimekanyaga godoro. Nikiizoea hiyo, misuli ya jicho inaanza kurukaruka. Tumbo likachafuka, mkojo kila saa. Mikono ikawa inatetemeka, na fundi akitetemeka mikono asubuhi, wateja wanajua jibu moja tu. Watu walianza kunong'ona kwamba nakunywa gongo.

Nikazunguka. Zahanati moja ikasema typhoid. Nyingine ikasema vidonda vya tumbo. Muuza duka la dawa akasema ni malaria imejificha. Nimemeza vidonge vya kila rangi. Mama yangu mzazi yeye alisema kuna mtu kaniangalia kwa jicho baya, akaanza kufunga na kuniombea. Sikumkatalia, kwa sababu hata mimi sikuwa na maelezo bora.

Halafu kuna Google. Ndugu zangu, Google ilinizika mara nyingi sana. Unaandika "ganzi mkono wa kushoto", ukimaliza kusoma unatafuta pa kuacha wosia.

Nikanunua mashine ya presha ya kufunga mkononi. Nilikuwa naingia nyuma ya banda kujipima, mteja ananisubiri. Ikisoma vizuri nashusha pumzi, ila kabla sijashika spana nawaza labda sikuifunga sawasawa, narudi tena. Na ukijipima ukiwa na hofu inapanda, ikipanda unaogopa, ukiogopa inapanda zaidi. Mnaona hapo.

Maisha yakaanza kupungua. Nikaacha mpira. Nikaacha kubeba gunia. Nikaacha kwenda sehemu yoyote isiyo na hospitali karibu. Kanisani nikawa nakaa mlangoni.

Na hili naandika kwa sababu najua kuna mwanaume analisoma limemkuta: niliacha kumgusa mke wangu. Niliogopa moyo ukienda mbio utagoma kama wa Boay. Sikumwambia. Nilikuwa nageukia ukutani tu.

Yeye angejuaje? Siku moja anamenya vitunguu, bila kuniangalia akasema, "Baba Neema, sema ukweli. Ni mwanamke mwingine au ni ugonjwa umeupata huko?"

"Naumwa," nikamwambia.

"Unaumwa nini? Kila hospitali wanasema wewe mzima."

Nikanyanyuka nikaenda bandani.

Katikati ya hayo yote nilirudi hospitali, daktari kijana akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniandikia nikaonane na nesi wa kitengo cha afya ya akili. Nikaenda mpaka mlangoni. Nikasoma maandishi pale juu. Nikawaona waliokaa kwenye benchi, mmoja namfahamu, kwao kila mtu anamwita kichaa.

Niligeuza. Nikasema mimi naumwa moyo, hawa wananiita mwehu.

Shule zilipofungwa, mke wangu akachukua watoto akasema anaenda kwao Gendabi kumsaidia mama yake kuvuna maharage. Kwa wasiopajua, Gendabi ipo Hanang, kwa huku kwetu ni safari. Mavuno yakaisha. Hakurudi. Nikimpigia simu ananijibu vizuri, lakini majibu mafupi.

Baba mkwe akanipigia mwenyewe. Akasema, "Mkwe, njoo tuongee. Usitume mtu."

Wakuu, mnaelewa wito wa namna hiyo. Kama siendi, mke sina.

Tatizo ni barabara. Kutoka kwetu unaweza kukata upande wa Dirma, tambarare, ng'ombe na vumbi, kuna sehemu mtandao haushiki kabisa. Mimi nilikuwa sithubutu hata kuvuka mto wa hapa kwetu. Asubuhi nimewasha pikipiki nikaizima, nikawasha nikaizima. Mwisho nikaweka mashine ya presha kwenye begi, nikaondoka.

Kabla sijamaliza tambarare ya Dirma ikaja.

Ilikuja kwa nguvu kuliko ile ya kanisani. Vidole vikakunjika kwenye mkono wa klachi, nikashindwa kuvikunjua. Nikasimamisha pikipiki, nikakaa chini pembeni ya njia. Nikaangalia simu, hakuna mtandao. Nikatoa ile mashine, ikaandika kosa, betri zimekwisha.

Hapo nililia. Chozi ambalo sikulitoa msibani lilitokea pale.

Mfugaji mmoja akaja na ng'ombe zake, mtu mzima, shuka begani na fimbo. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Pikipiki imekufa?"

"Hapana mzee. Ni mimi."

Akaniangalia. Akasimama pale, akawaacha ng'ombe wale majani. Akaanza kuniambia habari za ndama wake mmoja anayekataa kunyonya, na namna alivyojaribu hiki na kile. Kiswahili chake cha shida kidogo, kwa hiyo ilinibidi nisikilize sana ili nielewe. Nikamuuliza kama mama yake ndama ana maziwa ya kutosha. Akasema yapo. Tukabishana kidogo kuhusu dawa ya minyoo.

Sijui tulikaa muda gani. Nilikuja kushtuka vidole vimekunjuka, moyo umeshuka wenyewe. Sijameza kitu. Sijapimwa. Sijafa.

Nikamshukuru, akasema, "Nenda polepole," akapigia ng'ombe zake mluzi.

Nilifika Gendabi jioni, nimekauka vumbi. Baba mkwe alikuwa na wazee wawili wa ukoo, viti vimepangwa. Mke wangu kakaa nyuma na mama yake. Nilipoketi tu, mikono ikaanza tena kutetemeka mbele yao wote. Nikaificha chini ya mapaja.

Baba mkwe akaanza, "Mwenzio anasema umemtupa ndani ya nyumba. Sema na wewe tusikie."

Nilikuwa nimejiandaa kusema kazi zimekuwa nyingi. Ila nilikuwa nimechoka, wakuu. Nikasema yote. Boay, kanisani, koo, mashine ya presha, ile benchi niliyoikimbia, na jinsi nilivyokuwa nimekaa chini Dirma nalia. La chumbani nililisema kwa kupitia mbali, wazee wakaelewa, wakaangalia chini.

Mzee mmoja akakohoa.

Aliyeongea ni mama mkwe. Na kwa kawaida yetu mama mkwe haongei kwenye kikao cha namna ile, tena na mkwe.

Akasema, "Hiyo mikono ya baba Neema naijua."

Akaeleza. Tangu mlima Hanang uliposhuka na matope, yale ambayo nchi nzima iliyasikia, yeye mvua ikianza tu mwili unamgeuka. Miguu inakufa ganzi. Koo linafunga. Moyo unampiga mpaka masikioni. Hata wingu tu, hata bati likigongwa na mtu anayeezeka. Alikwenda hospitali mara nyingi, presha nzuri, damu nzuri. Wajukuu wakawa wanamcheka.

"Walikuja watu wa ushauri wakatukusanya," akasema. "Mimi nilikataa, nikasema sijaharibikiwa kichwa. Jirani akanivuta mkono. Dada mmoja wao akatuambia mwili umeona kifo karibu, sasa unakimbia hata pasipo na kitu. Haudanganyi kwamba unaogopa. Unadanganya kwamba unakufa."

Mume wake alikuwa anamtazama kana kwamba anamuona upya. Akamuuliza, "Mbona hukuniambia mimi?"

"Ungesemaje?" mama akamjibu.



Mke wangu alikuwa analia. Baadaye tukiwa wenyewe nje akaniambia, "Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke. Kwa hili sikujiandaa." Nikamwambia hata mimi. Akanishika ile mikono, ikatetemekea kwake.

Tulirudi Dongobesh wote. Wiki ileile nilikaa kwenye ile benchi, yeye kando yangu. Yule wanayemwita kichaa alinisogelea akanisalimia kwa jina, akaniuliza kama ninatengeneza na mashine za kusukuma maji.

Nesi alinipa kazi mbili ambazo nilidhani ni utani. Ya kwanza, mashine ya presha nimuachie mke wangu. Ya pili, dalili ikija nisikimbie, niendelee na nilichokuwa nafanya taratibu, nitoe pumzi ndefu kuliko ninayovuta, niiache ipite. Daktari akaongeza dawa za kumeza kila siku kwa kipindi. Msininukulie dawa, mtu aende akaandikiwe ya kwake.

Haikuwa rahisi. Wiki za mwanzo nilizidiwa. Kuna siku nilimvizia mke wangu aende sokoni nitafute mashine, nikakuta ameificha kwenye pipa la mahindi. Nilitafuta mpaka nikaipata, nikajipima, nikaogopa, nikairudisha. Aliporudi nikamwambia. Akahamisha.

Sasa hivi nipo wapi? Sijapona kwa maana ya kusahau. Juzi tu nafunga kichwa cha injini, moyo ukaruka. Nikamwambia mteja, "Nipe dakika, moyo umeanza mambo yake." Akasema sawa. Nikaendelea kukaza bolti. Kanisani narudi kukaa katikati polepole, safu moja mbele kila nikijisikia. Nyumbani mambo ni mazuri, na hapo nimeishia.

Nilichojifunza ni hiki. Nenda ukapimwe, usidharau, kwa sababu Boay hakuwa na wasiwasi, alikuwa anaumwa kweli. Lakini ukishapimwa vizuri na ukaambiwa moyo mzima, acha kuomba karatasi nyingine ya kukuhakikishia. Haitatosha. Na mwambie mtu wa nyumbani, kabla hajajitafutia jibu lake.

Kitu kimoja cha mwisho. Mvua ikianza Gendabi, mama mkwe ananipigia simu. Nikiwa na mafuta mikononi napokea kwa kiwiko. "Baba Neema, imeanza huku." Namwambia nipo mama. Hatuongelei ugonjwa. Ananiambia habari za maharage na za mbuzi aliyezaa mapacha, mpaka sauti yake inarudi mahali pake, na mara nyingi ya kwangu pia inakuwa imerudi. Kisha anasema, "Haya, imepungua, endelea na kazi." Wanaume wa kwetu hawaongei hivyo na mama wakwe zao. Sisi tunaongea.

Kama na wewe mwili unakukimbia, andika hapo chini, hata mstari mmoja. Wa kucheka acheke, nimezoea. Nikichelewa kujibu mjue niko chini ya pikipiki ya mtu.