Siku Baba Aliponyoa Kichwa

Wiki jana niliingia duka moja la vipodozi mjini Eldoret kununua mafuta ya mtoto, na kabla sijafika kaunta pua yangu ikanisimamisha. Kijana mmoja alikuwa amefungua kopo la sabuni ya kunyolea ndevu, ile ngumu ya mviringo, anainusa amefumba macho huku akimwambia mwenzake, "Hii ndio poa, buda. Inatoa povu noma." Siku hizi, nasikia, vijana wananyoa ndevu kwa starehe, wanajirekodi na simu na kuonyeshana mapovu. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha. Harufu ile naijua. Nilipokuwa na miaka tisa nusura ivunje nyumba yetu, na msaidizi wake mkuu nilikuwa mimi.

Tuliishi West Indies, mtaa wa hapohapo Eldoret, nyumba ya vyumba viwili yenye mlango wa nyuma uliofungukia bomba la maji. Baba alikuwa karani kwenye stoo ya mbolea na mbegu, mtu wa maneno machache na ndevu za juzi. Alinyoa kama mtu anayefukuzwa: maji baridi, sabuni ya kufulia, wembe wa plastiki, damu kidogo kidevuni, na huyo kazini. Kisha Jumamosi moja akarudi kutoka sokoni na kiboksi cha mbao. Ndani mlikuwa na brashi ya manyoya, mshiko wa chuma wa kufungia wembe, pakiti ya nyembe na ile sabuni. Mama akavitazama vitu vile kimoja kimoja kama askari kwenye kizuizi cha barabarani.

"Na sherehe ni ya nani?" akauliza.

"Hakuna sherehe," baba akajibu, na hapo ndipo mashaka yalipoingia kwetu na kuketi.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi asubuhi baba alitundika kioo kwenye msumari nje ya mlango wa nyuma. Alilowesha kitambaa kwenye maji ya moto, akajifunika nacho uso mzima, mvuke ukatoka kama kwenye sufuria ya viazi. Halafu alizungusha brashi ndani ya kikombe cha bati, kru kru kru, mpaka povu likasimama. Alilipaka mashavuni taratibu, bila haraka yoyote duniani, akavuta ngozi kwa kidole na kuupitisha wembe. Ulitoa mlio mdogo kama wa mtu anayeparua karatasi. Akimaliza alirudia tena kutoka upande mwingine! Saa nzima, nawaambieni, na wakati wote huo akiimba kwa pua nyimbo za kanisani.

Mama hakuwa mjinga. Alijua mwanaume aliye na mke kwa miaka kumi na mitatu hajipambi hivyo bure. "Dalili ya mvua ni mawingu," alisema akisugua kola ya shati karaini, halafu akaniita karibu. "Nekesa, baba yako akitoka, mfuate. Usikaribie. Angalia tu mahali anaingia."

Mimi nilifurahi sana. Nilikuwa mtoto wa kwanza, na kazi zangu mpaka siku hiyo zilikuwa kubeba mtoto na kuosha vyombo. Sasa nilikuwa mpelelezi. Nikachungulia kupitia ufa wa mlango Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikiwa nimevaa viatu tayari kwa safari. Baba alimaliza kunyoa, akajipapasa mashavu, akatabasamu kwenye kioo, akaingia ndani na kukaa. Hakwenda popote.

Utadhani mama angetulia, lakini hapo ndipo hofu ilipozidi. Mwanaume akijipamba akatoka, unajua kuna mtu. Akijipamba halafu akabaki ameketi anatazama ukuta, hilo ni jambo gani? Mama alimpelekea jirani yetu Mama Wafula swali hilo. Mama Wafula alitoka upande wetu wa Bungoma, na alipenda habari mbaya kuliko chai. Akasema, "Lisemwalo lipo, Mama Nekesa. Ngoja tu, utaona."

Tukaona. Jumamosi iliyofuata mama alikwenda sokoni kununua mboga. Baba alikuwa amefunga wembe mpya, na nadhani mkono ulimnogea. Alimaliza ndevu, akaondoa masharubu, akajitazama, akapaka povu kichwani na kuendelea. Nilimwona kwa macho yangu akinyoa utosi, kisogo na nyuma ya masikio, akiimba. Mama aliporudi alimkuta ameketi kizingitini, kichwa kinameta. Mfuko wa sukuma wiki ukamdondoka.

"Baba Nekesa! Umezika nani?"

Wasomaji wangu wa kwetu wameshaelewa, lakini wengine niwaeleze. Kwetu, mtu akishazikwa, baada ya siku chache jamaa hukusanyika na kunyolewa nywele kwa wembe. Aliyefiwa na mke hunyolewa, watoto hunyolewa, na hapo ndipo mambo ya marehemu huzungumzwa mbele ya watu. Kichwa kilichonyolewa namna ile bila msiba unaojulikana maana yake kuna msiba uliofichwa. Na mwanaume anamficha mkewe msiba gani, kama si wa mke mwingine?

"Sijazika mtu," baba alisema. "Nimenyoa tu."

"Nimenyoa tu!" Mama akaingia chumbani na kutoa sanduku lake. Nilijua lile sanduku. Lilitoka chini ya kitanda tukienda kwao Webuye tu, na sasa hakuwa akifunga nguo zetu, bali zake peke yake.

Mama Wafula ndiye aliyemzuia, akampigia simu Senge, ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, dada mkubwa wa baba aliyekuwa akilima mahindi kijijini Ziwa, nje ya Eldoret. Senge alifika mchana huohuo na kitambaa cha msiba kichwani, kwani aliambiwa kuna kifo, na hakutaka kuchelewa hata kama hajui ni cha nani. Wakamketisha baba kwenye stuli katikati ya sebule.

"Wanjala," Senge alisema, "mficha maradhi kifo humuumbua. Sema. Ni nani, na ameacha watoto wangapi?"

"Dada, hakuna mtu. Mimi napenda tu."

"Unapenda nini?"

"Kunyoa."

Walitazamana. Mtu anapenda nyama, anapenda mpira, anapenda hata mapombe. Kunyoa? Mama Wafula akatoa sauti ya mguno, na Senge akanigeukia mimi. "Huyu mtoto amekuwa akimwangalia. Nekesa, mama, huwa unaona nini?"

Chumba kizima kikanitazama. Sijawahi kuwa mkubwa kiasi kile. Ningeweza kusema nilichoona: kitambaa cha moto, maji yakitiririka mashavuni, tabasamu. Lakini ilikuwa habari ndogo sana kwa watu waliosubiri namna ile.

"Huwa analia," nikasema. "Akitoa kitambaa, machozi yanatoka."

Mama akafunika mdomo. Baba aliniangalia, na hakunikasirikia; angenikasirikia ingekuwa afadhali. Akasimama, akachukua kiboksi chake juu ya kabati.

"Sijazika mtu," akasema tena. "Lakini kama hii kitu inaleta matanga kwa nyumba yangu, wacha iende."

Akakipeleka chooni na kukitumbukiza shimoni. Tulisikia kikigonga chini. Sanduku la mama likarudi chini ya kitanda, Senge akanywa chai, na baba akafuga ndevu ambazo hajazinyoa mpaka leo. Sikumsikia tena akiimba asubuhi.

Uongo ule nimeubeba miaka mingi. Baada ya harufu ya dukani sikuweza tena. Jumamosi nilikwenda Ziwa, walikojenga wazazi wangu baada ya baba kustaafu, nikamkuta mama akipukuchua mahindi. Nikakaa, nikachukua hindi, nikakiri.

"Mama, baba hakuwa analia. Yalikuwa maji. Nilidanganya."

Hakuacha kupukuchua. "Najua."

"Ulijua?"

"Hata kabla ufungue mdomo nilijua hakuna mtu amekufa."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Alipukuchua mpaka hindi lake likabaki gunzi. "Nekesa, nilikuwa namsikia akiimba huko nyuma. Mimi niko na nyinyi wanne, na nguo, na sufuria. Saa nzima mtu anafurahi kwa nyumba yangu, na hakuna kitu yangu ndani ya hiyo furaha. Ingekuwa mwanamke, si ningejua mahali pa kwenda kupigana?"

Jumamosi zote zile nilibandika jicho kwenye ufa wa mlango nikimchunguza baba. Aliyenituma alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono imelowa maji ya nguo, na sikugeuka kumtazama hata mara moja.