Siku Niliyotafsiri Filamu ya Mchumi wa Kijerumani

Sikieni, mimi niliumbuka mchana kweupe, mbele ya watu wazima, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hiyo msimtafute mchawi.

Mwaka wangu wa kwanza Guangzhou Kichina nilikuwa nakianza, yaani najua kusalimia na kupunguziwa bei, basi. Kila Jumapili sisi Waafrika tulikusanyika ghorofani kwenye mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, na Jumapili moja Neema, mwanafunzi wa uchumi kutoka Moshi, akaja na DVD aliyoagizwa na mwalimu wake aitazame: filamu ya Kijerumani ya wakati wa vita vya pili vya dunia, inayosimulia maisha ya mchumi wao mmoja wa zamani (raha iliyoje, eti?). Pembeni alikaa Maman Béatrice, mfanyabiashara wa Lubumbashi, ambaye wote tulijua anatafuta mtu wa kwenda naye kwenye maonyesho ya Pazhou, kwa Mjerumani muuza mashine za kukamua mafuta. Kazi ile niliitaka kufa, maana nilishamwambia mama yangu Tabora kwamba nimeipata.

"Sasa nani atatuelewesha?" Neema akauliza kabla hajaiwasha.

"Mimi," nikasema. "Kijerumani nakimudu."

(Kijerumani changu chote ni majina ya magari.)

Nikapewa maikrofoni ya karaoke, nikaanza kutafsiri kama wale jamaa wa vibanda vya video kwetu. Kwa mujibu wa mtaalamu mimi, mchumi yule alinyang'anywa mchumba na mfalme, na reli anayoichorachora kutwa ni ya kumfuata huyo mchumba. Kila baada ya muda alisimama akahutubia kwa hasira (ilikuwa serikali yao ya vita inajisifu kupitia mdomo wake, nilikuja kuelezwa), mimi nikasema anadai mahari irudishwe. Watu wanacheka mpaka machozi, Neema kaiinamia meza, nami nikaona leo ndiyo leo, nikaongeza chumvi.

Mwishoni mzee yuko peke yake kwenye theluji, ukasikika mlio, nikatangaza, "Fataki za harusi hizo, ndugu zangu! Bibi harusi anakuja!"

Hakuna aliyecheka. Mhudumu wa Kichina aliyesimama na sinia la wali alikuwa anafuta machozi.

"Kaka Hamisi," Neema akasema taratibu, "huyo mtu amejiua. Imeandikwa hapo chini kwa Kichina. Inaandikwa tangu mwanzo, na sisi tunasoma."

Nikatazama. Kweli, maandishi yalikuwepo, meupe pe, nami kwa kuzoea kuona Kichina kila ukuta niliyachukulia kama pambo. Ukumbi mzima ulikuwa unayasoma, isipokuwa mimi na Maman Béatrice.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini mdomo haukukoma. Nikamkimbilia Maman Béatrice kwenye ngazi.

"Maman, Kijerumani cha mashine ni chepesi kuliko cha sinema."

"Mwana wangu," akasema, wala hakukasirika, "ule monsieur wa mashine anasemaka français kunipita. Miye nilikuwa natafuta tu mutu wa kuaminia sac yangu."

Hapo, kwenye Kifaransa na mkoba, ndipo nilipoumia kweli. Akageuka, akamwita Neema.

Tangu siku ile nikiulizwa kama najua lugha fulani, hata Kiswahili, nasema kidogo tu, na maikrofoni siishiki tena hata kwenye harusi ya ndugu. Jumatatu Neema alipanda metro kwenda Pazhou na mkoba wa Maman begani, nami nikaenda darasani, kiti cha mbele kabisa, kujifunza kusoma.