Mkanda Ulioponya Nyonga

Suruali ya Royce Tillery ilianza kushuka katikati ya wimbo wa pili, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika bakuli la sadaka.

Alisimama kwenye ujia wa kati wa kanisa la Wabatisti la Harlan Fork, Oklahoma, asijue afanye nini. Akiliachia bakuli, hela zitamwagika. Asipoliachia, itamwagika aibu kubwa zaidi, maana ndani ya kiuno chake, upande wa kulia, nyuma kidogo ya nyonga, kulikuwa na bastola ambayo hakuna mshirika aliyetakiwa kujua kwamba ipo. Basi akabana kiwiko ubavuni, akaburuta mguu wa kulia, akaendelea na safari hivyo hivyo, hatua ya kuvuta na hatua ya kusukuma, kama ng'ombe aliyenasa kwenye seng'enge.

Yalianza kwa Shemasi Garland Pugh, muuza vyakula vya mifugo, mtu wa sauti nene na nia njema. Tangu lilipotokea lile jambo la risasi katika kanisa moja la kaunti ya jirani, watu walikuwa wakiliongelea kwa sauti ya chini tu, na Garland alikuwa hapati usingizi. Akamfuata Royce uwanjani kwake.

"Nataka watu wanne wa kulinda," alimwambia. "Watu wasio na papara. Wewe umeendesha basi la watoto wa shule tangu ujana wako mpaka umestaafu, na hujamfokea hata mmoja."

"Nilikuwa nawafokea moyoni."

"Ndicho ninachosema. Mtu anayefokea moyoni ndiye tunayemtaka."

Royce alikubali kabla hajaelewa amekubali nini. Bunduki hakuwa mgeni nazo, kila vuli aliwinda kulungu. Lakini bunduki ya kulungu ina msimu wake, na msimu ukiisha inarudi kabatini. Hii ndogo haikuwa na msimu. Alikwenda kwenye mafunzo, akalenga karatasi yenye mchoro wa mtu, akaipiga kifuani vizuri sana, akasifiwa, akarudi nyumbani akashindwa kula. Hakujua ni kwa nini.

Na sasa ndiyo hivyo, suruali inateremka, na mwisho wa benchi la tatu ameketi Mama Oleta Crim, bibi wa miaka themanini na ushee. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo hata siri alizitoa kwa sauti ya tangazo.

"Royce! Nyonga hiyo!"

"Hapana, Mama Oleta, ni..."

"Marehemu mume wangu Hoyt ilimwanza hivyo hivyo! Kiburi chake, hakutaka kusema!"

Ulipofika wakati wa maombi ya wenye shida, Mama Oleta akasimama kwa kushikilia benchi la mbele na kuliomba kanisa lote liiombee nyonga ya Ndugu Royce, anayeteseka kimya kimya. Kanisa likainamisha vichwa. Royce naye akainamisha cha kwake, kiwiko bado kimebana. Garland alikuwa akitazama dari.

Nyumbani, mkewe Nadine alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamkauka.

"Kwa hiyo umelidanganya kanisa."

"Sijasema neno hata moja!"

"Ndivyo ulivyolidanganya." Akauvuta ule mkanda mwembamba mweusi, akaukunjakunja vidoleni kama utepe. "Huu nilikununulia harusi ya binti yetu Kaylee. Umetengenezwa kushika suruali, Royce, haukutengenezwa kushika chuma."

"Unaonaje basi? Niache?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi nakuuliza wewe."

"Na mimi nitakwambia nini? Ukiacha, halafu likatokea jambo, utanitazamaje? Ukiendelea, halafu likatokea jambo, nitakutazamaje mimi? Nenda kanunue mkanda. Hilo angalau lina jibu."

Wiki ile majirani walileta mabakuli ya kuku na wali, tambi na jibini, na pai ya pichi. Mtu mmoja alileta mkongojo. Royce alivila vyakula kwa dhamiri inayomchoma, na mkongojo akausimamisha nyuma ya mlango.

Jumamosi akaenda duka la silaha la mji wa jirani. Aliyekuwa kaunta alikuwa mwanamke aitwaye Shelby Roark, wa rika la binti yake, anayetafuna ubani kwa bidii. Royce akamnong'oneza shida yake kama mtu anayeomba dawa ya minyoo.

"Ah, suruali inashuka. Wote inawashuka, mzee wangu. Kiuno namba ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Hiyo ni ya lebo. Lebo ina adabu sana." Akamzungushia kamba ya kupimia na ala ya bastola ikiwa ndani ya suruali. "Arobaini na tatu."

"Arobaini na tatu!"

"Usiogope. Chuma nacho kina kiuno chake."

Akammwagia mikanda juu ya kaunta. Kulikuwa na wa ngozi moja nene, na wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja. Kulikuwa na wenye utepe wa chuma katikati, na wa nailoni usio na matundu ila meno, unaovutwa ukalia trrr. Akamwonyesha namna ya kuujaribu mkanda: ukunje kwa ubapa, ukubali, ukunje kwa ukingo, ukatae. Ukikubali kote kote, huo ni wa harusi. Royce akakunja huu, akakunja ule, akasahau upi ulikubali na upi ulikataa.

"Chukua nailoni, kaka," akadakia mteja mmoja mwenye ndevu aliyekuwa akichagua risasi. "Ngozi inalegea."

"Ngozi mbovu ndiyo inalegea, Duane," alisema Shelby. "Wewe nunua vyako."

Royce akaujaribu wa chuma, akaketi kwenye kiti. Ukamchimba tumbo kama pete ya pipa. Akaujaribu wa nailoni. Ulishika vizuri ajabu, lakini alipojitazama kwenye kioo, shati la Jumapili juu na mkanda wa askari chini, aliona kwamba hata Mama Oleta angegundua.

"Wewe ungechukua upi?" akauliza.

"Inategemea. Unabeba kila siku au mara moja moja?"

"Sijui bado."

"Unakaa sana au unasimama sana?"

"Vyote. Tunasimama kwa nyimbo."

"Utaendelea kuivaa hapo nyuma, au utaihamishia mbele?"

"Kwani watu huihamisha?"

Shelby akaacha kutafuna. "Mzee wangu, una hakika unautaka?"

"Mkanda?"

"Mkanda, ndiyo," alisema Shelby, baada ya kukawia kidogo.

Akatoka na wa ngozi mbili, wa kahawia, upana wa vidole viwili, wenye kipande cha plastiki ngumu kilichofichwa katikati. Alikuwa ameketi nao, ameinama nao, ameokota kalamu sakafuni nao, na haukutetereka. Bei yake ilimfanya akohoe. Akiwa ndani ya pikapu aliugusa mara mbili tatu, akafurahi, kisha akashangaa anafurahia nini.

Jumapili suruali ilikaa mahali pake kama iliyopigiliwa misumari. Uzito uliokuwa ukimvuta upande mmoja ulienea kiunoni kote hadi akausahau, na alipogundua kwamba ameusahau, akaogopa. Hata hivyo alitembea wima kuliko alivyowahi kutembea tangu alipokuwa kijana.

Na Mama Oleta akaona.

"Tazameni anavyotembea!" alipaza sauti. "Wiki moja! Wiki moja tu ya maombi!"

Makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele. Mchungaji Lyle Ketcham, macho yanang'aa, akanyoosha mkono. "Ndugu Royce, una neno kwa ajili yetu?"

Royce akasimama. Kushoto Garland alikuwa akitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemfukuza nzi bila kutumia mkono. Mbele yake zilikuwepo nyuso za watu aliowabeba kwenye basi wakiwa hawajang'oa meno ya utotoni.

"Natembea vizuri kuliko wiki iliyopita," alisema hatimaye. "Hilo ni kweli. Zaidi ya hapo... sijui niseme nini."

"Amina!" kanisa likaitika. Mtu akalia. Kila neno alilosema lilikuwa la kweli, na kila aliyemsikia aliondoka na uongo. Royce hakuelewa jambo kama hilo linawezekanaje.

Huenda angeliacha lipite, kama Mama Oleta asingemwita nyumbani kwake siku ya pili. Alimwekea chai ya barafu barazani, akamweleza habari njema: amefuta miadi yake ya hospitali. Daktari alitaka kumpasua goti. Lakini Mungu wa nyonga ya Royce ni Mungu wa goti la Oleta pia, sivyo?

Royce akaiweka chai chini.

"Mama Oleta, sikuwa mgonjwa."

"Najua, umepona!"

"Hapana. Sikuumwa kabisa. Nilikuwa nimebeba bastola, na mkanda ulikuwa mbovu."

"Umebeba nini?"

"Bastola."

"Sema kwa nguvu, mwanangu, unamumunya maneno."

"BASTOLA!" akapiga kelele Royce. Ng'ambo ya barabara jirani aliyekuwa akimwagilia maua akazima maji.

Mama Oleta akashusha sauti, na mtu aliyemfahamu angejua hiyo ni dalili mbaya.

"Kanisani?"

"Ndiyo. Kuwalinda. Wewe na wengine."

"Dhidi ya nani?"

"Hatujui."

"Na mimi nimepiga magoti. Kwa magoti haya!" "Ungempiga mtu, Royce?"

"Sijui. Nimejaribu kulijua hilo, na silijui."

Mama Oleta aliiondoa ile chai mbele ya Royce. Kisha akasema, "Nirudishie bakuli langu la tambi."

Bakuli lilirudi. Siri haikurudi. Kufikia ibada ya Jumatano hapakuwa na asiyejua, na Garland alimshika Royce kwenye maegesho ya magari, uso umemwiva.

"Iliyofichwa, Royce! Maana yake nini, iliyofichwa?"

"Alikuwa amefuta upasuaji wake, Garland."

"Ungemwambia ni mgongo!"

Ndani, watu walijigawa bila kupanga. Wengine walihamia mabenchi ya karibu na Royce, wakampigapiga bega. Wengine, kina mama hasa, waliwashika watoto wao mkono wanapompita, watoto wale wale waliozoea kumrukia kiunoni alipowapokea mlangoni. Royce hakujua ni kundi lipi lililomuumiza zaidi.

Alimwomba Mama Oleta msamaha mara nyingi, na bibi akasema msamaha ataufikiria, lakini kwa sasa anahitaji gari la kumpeleka hospitali. Siku ya upasuaji Royce akampeleka. Mlangoni pa hospitali kulikuwa na tangazo la kukataza silaha, kwa hiyo akaifungia bastola ndani ya kisanduku cha pikapu, akaingia na mkanda peke yake.

Alikuwa kwenye chumba cha kungojea, gazeti mkononi, mara mlango ukasukumwa kwa kishindo. Akaingia mwanamume mkubwa, koti limefungwa mpaka shingoni ingawa nje kulikuwa na joto, anapiga kelele, "Yuko wapi? Nawauliza, yuko wapi?" Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya koti. Karani wa mapokezi akarudi nyuma. Mwanamke mmoja akamvutia mtoto wake chini ya kiti.

Mkono wa Royce ukaenda wenyewe nyuma ya nyonga. Ukakuta ngozi ya mkanda tu.

Hakukumbuka baadaye alivyosimama. Alikumbuka tu kwamba alijisikia akisema, kwa sauti ile aliyoitumia kwenye basi asubuhi nyingi za barafu, "Haya, haya. Unamtafuta nani, kaka?"

"Mke wangu. Wamenipigia kazini. Wameniambia chumba, nimesahau. Nimesahau namba!" Mkono ukatoka kwenye koti, na ndani yake mlikuwa na viatu vya nyumbani vya mwanamke, vya manyoya, rangi ya waridi. "Anapenda hivi. Nilidhani... miguu yake huwa baridi."

Royce akamshika kiwiko, akamwongoza kaunta, akasimama naye mpaka namba ilipopatikana. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akalifungua gazeti kichwa chini miguu juu.

Goti la Mama Oleta lilipona vizuri, polepole, kwa mazoezi na matusi. Mwezi uliofuata Royce alimwambia Garland atafute mtu mwingine. Garland alipouliza sababu, alimsimulia habari za viatu vya manyoya.

"Sawa, na alikuwa mtu mwema," alisema Garland. "Je, asingekuwa?"

"Ndiyo. Asingekuwa, je?"

"Sasa unajibu au unauliza?"

"Sijui, Garland. Usiku najiuliza: ningekuwa nayo, ningesema 'haya, haya'? Au ningefanya nini? Halafu najiuliza unachoniuliza wewe. Ninalala nikiwa na hakika ya hili, ninaamka nikiwa na hakika ya lile."

Garland alivuta pumzi, akatazama mifuko ya chakula cha ng'ombe iliyopangwa nyuma yake. Alikuwa na hasira kidogo na huruma kidogo, na alikuwa bado halali vizuri.

"Lakini mlangoni pa kanisa utaendelea kusimama? Kuwapokea watu?"

"Mlangoni nitasimama," alisema Royce. "Hilo halinisumbui."