Maji ya Mtungini na Maji ya Mlangoni

Konadu aliuza maji ya pakiti kwa miaka kumi na tisa katika mtaa mmoja wa Kumasi, nchini Ghana, na mtu akikwambia alikuwa mwanamke mbaya, usimsadiki. Ila kibanda chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo pakiti zilirundikwa nje, ukutani kando ya mlango wa nyumba yake, zikipigwa jua siku tatu, siku nne. Mteja akishang'ata kona na kufyonza, hukunja uso.

"Maame, maji yako yana ladha ya ndoo mpya!"

"Ulitaka ladha ya kuku? Kunywa, uende zako."

Binti yake, Birago, alikua akinywa maji hayohayo. Alipoolewa, mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilipotoka, Konadu aliacha utani na wateja, akampeleka binti kliniki.

"Siwezi kuapa kwamba ni plastiki," daktari alimwambia, aliposikia habari ya maji ya juani. "Wenye kuchunguza bado wanachunguza. Lakini plastiki ikipata joto huachia vitu vyake majini, na mwanangu akiwa mjamzito, maji hayo nisingempa."

Konadu alisikia vizuri sana. Siku hiyohiyo alinunua mtungi, akauweka chumbani, akawa anachemsha maji ya bomba na kumnywesha binti yake mwenyewe. Na lile rundo la ukutani? Lilibaki palepale juani. Hapo ndipo ninapomkasirikia. Alijiambia kwamba hata daktari hakuapa.

Jirani yake Foriwaa, fundi cherehani, alinunua pakiti mbili kila asubuhi. Naye mimba zilimtoka, mbili, na mara zote mbili Konadu alikwenda kukaa naye na kulia naye. Machozi yalikuwa ya kweli. Kesho yake alimuuzia maji.

Birago akajaliwa mtoto wa kike. Siku ya nane, asubuhi, ukoo ulikusanyika uani kumpa mtoto jina. Mjomba Ampadu, kaka yake Konadu, alimpakata mtoto magotini. Kwao mtoto huonjeshwa maji, kisha pombe kali, ili akue akijua kutofautisha ukweli na uongo.

"Haya, maji yako wapi?" mjomba akauliza.

Foriwaa, aliyekuwa hapo tangu alfajiri akipika na kufagia, alichukua pakiti pale mlangoni, akaipeleka kinywani aing'ate.

"Hayo hapana!" Konadu aliruka. "Usimpe mtoto hayo!"

Akakimbilia chumbani, akarudi na kikombe cha maji ya mtungini. Mjomba akachovya kidole, akamgusa mtoto ulimi.

"Ukisema maji, yawe maji."

Akachovya kwenye pombe. "Ukisema pombe, iwe pombe."

Foriwaa alikuwa bado amesimama na ile pakiti mkononi.

"Maame Konadu," alisema polepole, "mtoto ameshaambiwa. Sasa niambie na mimi. Hiki ninachonunua kwako kila siku ni nini?"

Birago alimtazama mama yake, kisha akainamisha kichwa.

"Maji," Konadu alisema. "Ni maji, mwanangu."

Foriwaa aliiweka pakiti miguuni pa Konadu taratibu, akafunga vizuri kanga yake, akaondoka kabla mtoto hajatajwa jina.